Kiganja Chini ya Dirisha la Dereva

Mara ya kwanza Mama Tambara alipoharibu kazi ya shemeji yake, alidhani anamsaidia. Aliingia chumba cha uani akakuta mezani injini ndogo ya treni, ndefu kama rula ya shule, imejaa masizi, vumbi na madoa ya kutu. Akasikitika. Mwanamume akiachiwa chumba peke yake, alijisemea, hata vitu vyake vya kuchezea vinaota ukoko. Akavuta tambara lililokuwa begani mwake, akalichovya kwenye kopo la maji, akaipangusa injini ile kuanzia paani hadi magurudumuni, akairudisha mezani ikimetameta. Shemeji yake alipoingia na birika la chai, alisimama mlangoni, mdomo wazi.

"Shemeji," alisema, "umefanya nini?"

"Nimekuoshea treni yako. Ilikuwa chafu, aibu tupu. Wageni wakija je?"

"Uchafu ule nimeupaka mimi mwenyewe. Nimeupaka mwezi mzima."

Mama Tambara alimtazama usoni kuona kama ana homa. Hakuwa na homa. Basi wakatazamana hivyo, yeye na tambara lake, shemeji na birika lake, mpaka mmoja akaanza kucheka na mwingine akamfuata, wakacheka hadi chai ikapoa.

Lilikuwa kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya, na kabla hatujamcheka zaidi ni haki tujue alikotoka. Mama huyu aliosha injini za treni, zile kubwa zenyewe, tangu usichana mpaka mvi zikaingia. Aliajiriwa karakana ya reli pamoja na wanawake wengine wachache, wakapewa ndoo, brashi za mpini mrefu, sabuni, na gunia la matambara yaliyochanwa kutoka nguo kuukuu. Treni ikiingia, injini iliegeshwa juu ya shimo la mafundi. Mafundi wakashuka chini, wao wakapanda juu. Tambara halikumtoka begani hata siku za mapumziko, ndipo akapata jina. Mkono wake ulijifunza kazi ile ukaijua kuliko akili: ukiona masizi, unafuta. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuosha hata behewa.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa injini moja ya dizeli, ya kijani, yenye mstari wa njano ubavuni. Walijuana kwa ugomvi. Dereva huyo alikuwa na tabia yake ya kushuka: mkono wa kulia anashika bomba la ngazi, wa kushoto anauegemeza kwenye bati chini ya dirisha. Na mkono wa dereva haukosi grisi. Kila safari aliacha pale kiganja kizima, cheusi, juu ya rangi ya kijani. Grisi haisikii sabuni. Inataka mafuta ya taa, tambara kavu na subira. Siku moja yule msichana mwosha injini akamsubiri chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"We dereva, hivi ukishuka huwezi kushika kitu kingine?"

"Nishike nini?"

"Shika adabu."

Dereva alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Safari iliyofuata kiganja kilikuwa palepale, ila sasa kimepigwa kwa makusudi, vidole vyote vitano vimetanuliwa, kama mhuri wa ofisini. Na iliyofuata vilevile. Alipokwenda kwao kumchumbia, mama yake msichana alimtazama mikono kwanza kabla ya uso, akasema afadhali, leo angalau imeoshwa.

Ndoa haikuukomesha mchezo huo, iliunenepesha. Mama Tambara aliosha injini nzima, kiganja akakiacha mpaka mwisho. Wenzake wakishakwenda kunywa chai, alipanda ngazi peke yake, akaweka kiganja chake juu ya kile cha grisi, chake kidogo kikamezwa chote, kisha akakifuta polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Kazi za reli zina zamu, na zamu hazijali ndoa. Yalikuwepo majuma ambayo yeye anatoka nyumbani mume anaingia, wakaonana mlangoni tu kama wapangaji. Salamu zao zikawa zinapita pale kwenye bati. Mmoja alisema, nimefika salama. Mwingine akajibu, nimekuona.

Kisha mume akafariki. Ile injini ya kijani ikazeeka, ikakatwa ikawa vyuma chakavu. Mama Tambara akastaafu, akahamia kwa binti yake fundi cherehani, akawa anapangusa vioo vya madirisha ambayo binti ameshayapangusa. Tambara likabaki begani.

Sasa yule shemeji. Alikuwa mdogo wa marehemu, tumbo moja, tena msaidizi wake ndani ya injini ileile: kaka anaendesha, mdogo anatazama mishale ya vipimo na taa za njiani. Alipostaafu alianza kununua injini ndogo za mfano, zile zinazotoka kiwandani zinang'aa kama meno ya bandia, na kuzichakaza ziwe kama zimefanya kazi kweli. Ole wake aliyeziita za kuchezea. Mkewe alimpa chumba cha uani kwa sharti moja, kwamba harufu ya thina ya kuzimulia rangi isivuke uwanja, na humo alikuwa na reli yake juu ya mbao, stesheni ya boksi, na injini nyingi zilizochafuliwa kwa upendo.

Siku ile ya kosa, walipomaliza kucheka, shemeji alifungua kabati akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha flana. Akakifungua taratibu. Ilikuwa injini ya kijani, yenye mstari wa njano ubavuni.

"Hii ni ya kaka," alisema. "Nyingine zote nimezichakaza. Hii mkono unakataa."

"Kwa nini?"

"Siujui uchafu wake, shemeji. Mimi nilikuwa ndani, macho kwenye reli. Aliyekuwa anaitazama kwa nje ni wewe."

Mama Tambara aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kuiona ikiwa mpya hivyo, kwa sababu alipoajiriwa ilikuwa imeshatumika. Ilikuwa kama kuonyeshwa picha ya mumewe ya utotoni: ndiye, lakini bado hajawa yeye. Alitamani, kwa tamaa iliyomshtua mwenyewe, kuiona chafu. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kuuondoa uchafu huo, na sasa kama angeuziwa kikombe kimoja cha vumbi lililotoka kwenye injini ya mumewe, angekinunua na kukiweka karibu na kitanda.

Akawa anakwenda kila alasiri.

Shemeji alimfundisha. Rangi ya kahawia inazimuliwa kwa thina mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, inapakwa mwili mzima, halafu inafutwa kwa kuelekea chini tu, kwa kuwa mvua huteremsha uchafu, haiupandishi. Kutu inadonolewa kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kidogo, pembeni na kwenye maungio. Masizi ni chaki nyeusi iliyokwaruzwa kwa wembe, inapakwa kwa brashi laini paani, pale penye bomba la moshi. Ukitaka bati lionekane limechubuka, unachovya brashi kwenye rangi, unaifuta karibu yote kwenye gazeti, ndipo unapapasa. "Ukizidisha, inakuwa takataka," shemeji alimwonya. "Chafua kama mtu aliyeona, siyo kama mtu aliyesimuliwa."

Na yeye alikuwa ameona. Alionyesha kwenye tangi la dizeli, mahali ambapo mafuta yalimwagika kila walipojaza yakachora ulimi mrefu mweusi. Alionyesha vumbi la breki kwenye magurudumu, kahawia yenye wekundu ndani yake, na akakataa kahawia tatu za shemeji mpaka wakaipata. Alikumbuka bomba la ngazi lilivyong'aa katikati kwa kushikwa, likawa jeusi juu na chini. Walipofika kwenye vioo vya mbele, akachora nusu duara safi upande wa dereva, pale waipa ilipopita, akataka kuchora na ya pili.

"Changu usikisafishe," shemeji alisema. "Waipa yangu ilikuwa mbovu tangu naanza kazi. Kaka ndiye aliyekuwa anaona njia. Mimi nilikuwa namwamini tu."

Wakacheka, na kila mmoja alijua mwenzake anamkumbuka nani.

Shida ilikuwa mikono. Mama Tambara angekaa nusu ya alasiri akipaka tope kwenye ngazi, tope zuri lenye nyufa, na akianza kumsimulia shemeji habari za binti yake, mkono ungelichukua tambara wenyewe na kulipangusa tope lote. Shemeji akayaficha matambara. Mkono ukatumia upindo wa gauni. Shemeji akamwambia asisimulie chochote akiwa kazini. Akanyamaza, na mkono ukafuta kimyakimya. Mwishoni wakapata dawa: mkono mmoja unashika brashi, wa pili unashika kikombe cha chai, kiwe kina chai au hakina. Mke wa shemeji alipochungulia na kuwaona, aliuliza kama ni kazi au ni kilabu cha wazee.

Hata hivyo injini ilikuwa inarudi. Kila siku ilizidi kuwa yenyewe, na kadiri ilivyozidi ndivyo Mama Tambara alivyozidi kurudi nyumbani kimya. Binti yake alifikiri amechoka. Hakuwa amechoka, alikuwa anamtaka mumewe. Alimtaka kwa namna ya kijinga, ya kutaka ashuke ngazi ile ndogo, amsikie akikohoa, amfokee kwa sababu ya grisi kwenye taulo.

Ikafika siku shemeji akaweka mezani kopo la vanishi ya kupuliza.

"Imekwisha," alisema. "Tuifunge. Vanishi ikishakauka, uifute hata kwa msasa wa maneno yako, hakitoki kitu. Wala hakiongezeki."

"Bado," alisema Mama Tambara.

"Bado nini?"

"Bado vumbi la nyuma."

Kesho yake ilikuwa bado tope la kwenye ngazi. Kesho yake tena bado mavi ya ndege paani. Shemeji, ambaye si mtu wa hasira, aliishia kuuliza kama kaka yake alikuwa anaiendesha injini hii relini au shambani. Lakini alikuwa amekwishaona. Ubavu mzima ulikuwa umechafuka, isipokuwa sehemu moja chini ya dirisha la dereva ambayo Mama Tambara hakuwahi kuigusa.

Sababu ilikuwa hii, na hakuwa amemwambia mtu. Mwaka ule wa mwisho mume alikuwa anakohoa na kushika kifua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mke alimsihi aombe kuhamishiwa injini ya kupanga mabehewa palepale stesheni, alale nyumbani, atibiwe. Aliahidi. Akaahidi tena. Asubuhi moja, mume akiwa anavaa viatu vya kazi, mke akagundua kwamba hakuwahi hata kumtajia msimamizi wake. Akasema mengi, na mwishoni akasema, "Basi usiniachie tena huo uchafu wako ubavuni. Nimechoka kufuta." Mume alivaa kofia, akatoka. Yeye naye, hasira ikiwa bado inachemka, akaenda kubadilishana zamu na mwenzake, ili mume akirudi asimkute.

Treni ilirudi siku ya pili. Dereva alishuka kwa ngazi yake, akatembea mpaka kwenye benchi karibu na bomba la maji, akakaa kama mtu anayepumzika. Hakuinuka tena. Mama Tambara alipofika mbio karakana, alimwona yeye tu. Nani angetazama injini? Aliporudi kazini baada ya msiba, injini ilikuwa imeshakwenda na kurudi mara nyingi na dereva mwingine, mtu nadhifu aliyeshika ngazi kwa mikono yote miwili.

Basi swali lililomkaa rohoni lilikuwa dogo, dogo hata kuona aibu kulisema: siku ile aliacha kiganja, au hakuacha? Kama aliacha, ugomvi uliishia palepale kwenye bati, kama ugomvi wao wote. Kama hakuacha, basi mume wake alikufa akilitii neno lake, na neno likishatoka halirudi. Miaka yote hakuuliza. Aliona heri aishi na swali kuliko kuishi na jibu. Na sasa shemeji alikuwa anatikisa kopo la vanishi, nayo injini ingefungwa ama na kiganja, ama bila kiganja.

Akamwambia. Alimwambia yote, huku ameshika kikombe kitupu.

Shemeji alivua miwani. "Nilishuka upande wangu, shemeji. Upande wa pili. Nilipozunguka, alikuwa ameshakaa kwenye benchi." Akafikiri. "Kumbe ndiyo maana alikuwa anachelewa kushuka. Miaka yote mimi nafika chini, yeye bado ngazini. Nilidhani ni magoti."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Lakini aliyeosha siku ile si Povu, yule mwenzako mliyebadilishana zamu? Muulize Povu."

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ataniambia hapana."

Shemeji alilirudisha kopo la vanishi kabatini, akafunga mlango wa kabati. "Basi itasubiri," alisema. "Mimi siendi popote."

Mama Tambara alivumilia kutokwenda kwa siku mbili tatu hivi, akishona na kufumua vifungo vya binti yake mpaka binti akamfukuza dukani. Kisha akaenda.

Povu ndiye aliyebadilishana naye zamu. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kumwaga sabuni kama haina mwenyewe, hata mafundi wakawa wanateleza. Baada ya kustaafu alianza kazi ya udobi nyumbani kwake, na Mama Tambara alimkuta sebuleni kati ya milima ya mashuka, anapiga pasi kola ya shati la mtu. Walisalimiana, wakaulizana magoti na wajukuu. Mama Tambara akachukua shati akaanza kulikunja bila kuombwa.

"Mwenzangu," alisema, bila kumtazama, "siku ile aliyofariki mume wangu, ni wewe uliyeosha ile injini?"

"Ni mimi. Si wewe mwenyewe uliniomba zamu?"

"Uliosha yote?"

"Nilianza paani kama kawaida. Nimekwenda mpaka nimefika nyuma, ndipo nikasikia watu wanapiga kelele kule bombani."

"Chini ya dirisha la dereva..." Akaanza upya. "Chini ya dirisha kulikuwa na kitu?"

"Kulikuwa na nini tena zaidi ya lile likiganja la mumeo," alisema Povu, na pasi ikaendelea na safari yake kwenye kola.

Shati lilimwanguka Mama Tambara. Akakaa juu ya mashuka ya watu.

"Ulikifuta?"

Povu alisimamisha pasi. Alimgeukia na uso wa mtu aliyetukanwa. "Nikifute mimi? Kwani kilikuwa changu?"

"Povu, niambie vizuri."

"Nikwambie nini usichokijua? Kile hakuna aliyekuwa anakifuta ila wewe. Ukiwa huna zamu tunaosha injini yote, pale tunapazunguka. Inatoka karakana inang'aa, na kiganja chake ubavuni. Msimamizi alitufokea mara moja, tukamwambia hapo pana mwenyewe. Akaacha."

"Mimi nilikuwa nadhani kila siku anaweka kipya."

"Vingine vilikuwa vya juzi, mama. Ulikuwa unafuta viporo."

Mama Tambara alitaka kucheka, uso ukakataa. Alishikilia ukingo wa meza ya pasi. Lilikuwa limebaki shimo moja la kutumbukia, naye alilijua. "Alikuwa anaumwa siku ile," alisema. "Huenda aliegemea tu asianguke."

Povu akatikisa kichwa. Hakuwa anafariji, alikuwa anazungumzia uchafu, jambo alilolijua. "Mtu akiegemea mkono unaburuzika, unaacha mchirizi. Hata wewe unajua. Kile kilikuwa kimepigwa, vidole vyote vimetanuka. Ila kilikuwa chini kidogo ya mahali pake pa siku zote. Nakumbuka nilisema moyoni, leo mzee kachoka. Nikakizunguka."

"Na hukuniambia!"

"Ungetaka nikwambie nini? Nimkute mfiwa nimwambie mumeo kachafua injini? Alikuwa anaichafua kila siku!" Kisha Povu akaona uso wa mwenzake, na sauti yake ikashuka. "Sikujua kama ulikuwa hujui."

"Kikaenda wapi?"

"Injini ilitoka jioni ileile, na dereva mwingine. Ilitoka nacho. Sijui mvua ilikifutia wapi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wakati yeye amekaa chini na waombolezaji, kiganja cha mumewe kilikuwa kinapita stesheni moja baada ya nyingine, kimetanuliwa vidole, kinamtafuta mtu wa kukifuta. Mama Tambara alilia kilio ambacho hakukilia msibani. Povu akamsogezea kitambaa cheupe kilichokwisha kupigwa pasi. "Lia nacho," alisema. "Cha mteja hicho, nitakifua tena."

Kesho yake alikwenda kwa shemeji mapema kuliko kawaida. Hakueleza, alisema tu, "Alikiacha," na shemeji akageukia dirishani akawa anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati ambao haukuwa na kitu. Kisha akamtolea brashi nyembamba kuliko zote, akaipunguza kwa wembe mpaka ikabaki na nywele chache.

Mama Tambara alimaliza kwanza ubavu ule, vumbi na michirizi ya mvua, mpaka chini ya dirisha pakafanana na kwingine kote. Halafu akachora kiganja. Kisingeweza kuzidi punje ya mchele. Alikosea kidole gumba, akarudia. Alikiweka mahali pake pa siku zote, akakumbuka, akakifuta, akakishusha chini kidogo. Mkono wa pili haukushika kikombe siku hiyo, na haukufanya lolote. Shemeji akainama na lenzi yake, akakikagua kidole kwa kidole.

"Ni yeye," alisema. Akachukua kopo la vanishi, akalitikisa, gololi ikagonga ndani.

"Ngoja."

Mama Tambara aliweka ncha ya kidole chake juu ya alama ile. Zamani kiganja chake ndicho kilichokuwa kinamezwa. Sasa ncha ya kidole ilikimeza cha mumewe chote. Akakaa hivyo. Kisha akavuta tambara begani, akalichovya pembe kwenye mafuta ya taa, akalizungusha kidoleni, akakifuta, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akifanya wenzake wakienda kunywa chai.

"Shemeji!" Mzee wa watu aliruka. "Mikono hiyo tena!"

"Leo si mikono," alisema Mama Tambara. "Leo ni mimi. Hiki waliniachia, na sikuwahi kukifuta." Akalikunja tambara, akalirudisha begani. "Nimekuona, baba," aliiambia injini. Halafu akamwambia shemeji, "Haya, pulizia."

Ipo mpaka leo kwenye rafu ya chumba cha uani, chafu kama siku iliyoingia kutoka safari ya mbali, isipokuwa chini ya dirisha la dereva, ambapo kuna kijani safi isiyozidi punje ya mchele. Wajuzi wa mambo hayo wakija, huisifu sana, kisha huinama na kusema kwamba hapa fundi amepasahau. Shemeji hujibu kwamba hapo pana mwenyewe, ameshafika. Na Mama Tambara, ambaye bado huja alasiri kunywa chai, husogeza kiti karibu na rafu na kupatazama mahali pale safi kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kesho kiwekwe kingine.